Maumivu ya mgongo Kericho na hatari ya mwajiri kusoma jeni za mfanyakazi

KESI ya wachuma majanichai wa Kericho iliyosafiri hadi Edinburgh, Uskoti, ilibeba swali ambalo kwa masikio ya wengi lilikuwa jepesi: mgongo wa mtu aliyebeba kikapu cha majani kwa miaka mingi ukiharibika, nani alaumiwe?

Mwaka wa 2022, zaidi ya wafanyakazi elfu moja, waliokuwa kazini na waliokuwa wameacha, waliruhusiwa kuishtaki kwa pamoja kampuni ya James Finlay (Kenya) katika mahakama kuu ya madai ya Uskoti. Mashamba yalikuwa huku Kericho na Bomet, lakini kampuni yenyewe ilisajiliwa Aberdeen. Walidai kwamba kuinama, kujipinda na kubeba mzigo kwa saa nyingi juu ya miteremko kuliwaharibu shingo, mabega na uti wa mgongo. Kampuni ilikana lawama hizo. Mahakama ya Uskoti ilipoagiza wataalamu wakague jinsi kazi inavyofanywa mashambani, kampuni ilikimbilia mahakama ya Kenya kuizuia amri hiyo. Mwishoni mwa 2023 majaji wa rufaa waliisimamisha kesi, wakitaka madai yapitie kwanza utaratibu wa Kenya chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007.

Kesi hiyo haikuhusu jeni, yaani maelezo ya maumbile ambayo mtu huyarithi kwa wazazi wake na kuwarithisha watoto wake. Hata hivyo, swali lililokuwa kiini chake ndilo swali ambalo waajiri katika nchi nyingine wamejaribu kulijibu kwa kupima jeni. Ikiwa mgongo umeharibika kwa sababu ya kikapu, mwajiri atalipa. Ikiwa mwenye mgongo huo alizaliwa na udhaifu aliopewa na babu yake, mwajiri atasema hahusiki. Damu kidogo ndani ya chupa ya maabara inaweza kuhamisha mzigo wa lawama kutoka ofisini hadi kwenye ukoo wa mfanyakazi.

Jambo hili si la kubuni. Mwaka wa 2001, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usawa katika ajira iliishtaki kampuni ya reli ya Burlington Northern Santa Fe. Mafundi wake wa reli walikuwa wakidai fidia kwa maumivu ya viganja na vifundo vya mikono, maumivu ambayo wachuma majanichai wanayafahamu vyema. Kampuni iliwataka watoe damu bila kuwaeleza kwamba ingetafutwa humo hitilafu adimu ya jeni inayodhaniwa kumfanya mtu apatwe na maradhi hayo kwa urahisi. Njama iligunduliwa kwa bahati. Mke wa mmoja wa mafundi hao alikuwa muuguzi, naye alishangaa kwa nini maumivu ya mkono yahitaji damu yote ile. Mumewe alikataa kutolewa damu, akatishwa kuadhibiwa. Mwezi Mei 2002 kampuni ilikubali kulipa hadi dola milioni 2.2 kwa wafanyakazi 36, na miaka sita baadaye bunge la Marekani likapitisha sheria inayowakataza waajiri kuomba, kununua au kutumia habari za jeni za wafanyakazi.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia katika kisa hicho. La kwanza ni kwamba upimaji haukufanywa wakati wa kuajiri, bali baada ya mfanyakazi kuumia na kudai haki yake. La pili ni kwamba sayansi iliyotumiwa ilikuwa hafifu mno, kwani hitilafu iliyotafutwa humpata mtu mmoja kati ya maelfu, na mikono ya mafundi wale ilikuwa imeumizwa na mashine zinazotetemeka. Kipimo hakikuhitaji kuwa cha kweli ili kiwe na faida kwa aliyekitaka. Kilihitaji tu kuzusha shaka.

Kuhusu mgongo, shaka hiyo ni rahisi zaidi kuizusha. Tafiti zilizofanyiwa mapacha barani Ulaya zimeonyesha kwamba urithi una sehemu kubwa katika kuchakaa kwa diski za uti wa mgongo. Wakili hodari anaweza kusimama na matokeo hayo mbele ya hakimu na kusema kwamba mama huyu wa Konoin angeumwa mgongo hata kama angeshinda nyumbani akichambua maharagwe. Lakini hoja hiyo inaruka kanuni ya kale ya sheria ambayo mahakama za Kenya nazo zimeirithi: anayemdhuru mwenzake humchukua jinsi alivyo. Mtu mwenye fuvu jembamba akipigwa na kupasuka kichwa, aliyempiga hawezi kujitetea kwamba kichwa kingine kisingepasuka. Mwenye mgongo dhaifu aliyetwikwa kikapu ana haki ile ile, na pengine mwajiri wake alipaswa kumtwika mzigo mwepesi zaidi.

Kwa nini basi wakazi wa maeneo ya majanichai wawe na wasiwasi zaidi ya karani wa benki jijini Nairobi? Jibu limo katika historia ya mashamba yenyewe. Tangu Brooke Bond na African Highlands Produce walipoanza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, mwajiri huku hakuwa mwajiri tu. Nyumba anamolala mfanyakazi ni ya kampuni. Shule ya watoto wake mara nyingi ilijengwa na kampuni. Zahanati anayokimbilia usiku mtoto akishikwa na homa ni ya kampuni, na hospitali kubwa anayopelekwa hali ikizidi nayo ilikuwa ya kampuni. Asubuhi, mnyapara wa kampuni ndiye anayesoma mizani na kuandika kilo. Anayejua uzito wa majani uliyochuma leo na anayejua kilichoonekana katika damu yako jana hulipwa na mfuko mmoja.

Kwamba kumbukumbu hizo mbili zinaweza kuunganishwa lilithibitishwa zamani, tena kwa nia njema. Mwaka wa 2004 ulichapishwa utafiti wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Boston na wenzao, uliolinganisha kilo zilizochumwa kila siku na wafanyakazi wa shamba moja la Kericho waliofariki au kustaafishwa kwa sababu ya Ukimwi na kilo za wenzao wa shamba hilo. Ulionyesha kwamba katika mwaka mmoja na nusu wa mwisho, wagonjwa walichuma pungufu kwa kati ya kilo 4 na karibu kilo 8 kwa siku. Matokeo yalisaidia kuwashawishi waajiri kwamba kumtibu mfanyakazi ni nafuu kuliko kumpoteza, na dawa za kupunguza makali ya virusi zilipofika, watu wengi waliokoka katika mashamba hayo. Haifai kuusahau wema huo. Lakini hesabu hiyo hiyo, ikiwa mikononi mwa mtu asiye mtafiti, inaweza kufanywa kabla mtu hajaugua. Jeni hazisemi nani ni mgonjwa leo. Zinakisia nani huenda akaugua miaka kumi ijayo. Meneja anayekata gharama atavutiwa na ukisiaji huo.

Tena gharama zinakatwa kweli. Mashine za kuchuma majani zimechukua nafasi ya mikono mingi, na hasira ya vijana ilionekana Mei 2023 machafuko yalipozuka Kericho na mashine kuteketezwa kwa moto. Pale nafasi za kazi zinapopungua na waombaji kuongezeka langoni, mwajiri huwa na uhuru wa kuchagua, naye atatafuta kipimo cha kuchagulia. Leo anaweza kutazama misuli na umri. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Kuna upande mwingine unaolifanya suala hili liwe nyeti zaidi katika eneo hili kuliko Marekani, nao unahusu kabila. Kuanzia mwaka wa 1949, mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alizunguka nchi akipima damu ya watu wa jamii mbalimbali. Aligundua kwamba wenye chembe ya selimundu walizidi asilimia 20 katika jamii zinazoishi karibu na Pwani na Ziwa Victoria, lakini hawakufika hata asilimia moja katika jamii kadhaa za nyanda za juu. Mwaka wa 1954 alieleza sababu: mtu aliyerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu haugui selimundu, bali hukingwa dhidi ya malaria kali. Huo ni mmoja wa ugunduzi mkubwa wa karne iliyopita katika elimu ya urithi, na ulifanywa kwa damu ya watu wa Afrika Mashariki.

Sasa ichukuliwe elimu hiyo na kupelekwa kwenye lango la shamba lililo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanajeshi wanne wa Marekani wenye chembe hiyo walifariki wakiwa katika mazoezi makali kwenye kambi iliyo juu ya mwinuko. Hofu ikaenea. Majimbo kadhaa yakalazimisha upimaji katika miaka ya 1970, na chuo cha jeshi la anga la nchi hiyo kiliwafungia mlango wenye chembe hadi mwaka wa 1981, ingawa mamilioni ya watu wa aina hiyo wanaishi, wanafanya kazi na kuzeeka bila kujua wanayo. Waliofungiwa mlango karibu wote walikuwa weusi. Hakuna aliyeandika popote kwamba weusi hawatakiwi. Kipimo cha damu kiliifanya kazi hiyo.

Hapa Kericho na Bomet, kipimo kama hicho kikiletwa kwa jina la usalama kazini, matokeo yake yanajulikana kabla ya sindano kuingia mshipani. Kitamwacha Mkipsigis na kumtoa Mjaluo na Mluhya waliopanda gari kutoka Nyanza na Magharibi kutafuta riziki. Na hii ni ardhi ambayo baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 wafanyakazi wasio wenyeji walivamiwa katika nyumba za mashamba; 218 kati yao waliipeleka Unilever mahakamani London, na rufaa yao ikakataliwa mwaka wa 2018. Kwingineko kipimo kibaya kingezaa malalamiko tu. Huku mtu anayetengwa kwa damu yake ana sababu ya kulala macho wazi.

Wapo watakaosema kwamba kinga ni bora kuliko tiba, na kwamba mwajiri anayejua mapema anaweza kumlinda mfanyakazi wake. Hoja hiyo ina uzito hospitalini. Dawa ya malaria iliyoitwa Lapdap iliondolewa sokoni mwaka wa 2008 kwa sababu iliharibu chembe nyekundu za damu za wagonjwa wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, upungufu ambao hurithiwa na ambao ni wa kawaida katika maeneo yenye malaria. Daktari anayempima mgonjwa upungufu huo kabla ya kumpa dawa ya namna hiyo anamwokoa. Anapaswa kuandika matokeo hayo katika faili, na faili inapaswa kubaki kwake. Tatizo ni mguu wa faili. Katika mji mkubwa faili ingevuka barabara nyingi na milango mingi kabla ya kufika kwa mwajiri. Katika shamba la majanichai, zahanati na ofisi ya meneja hutenganishwa na ua wa maua.

Sheria ya Kenya inasemaje? Si kwamba imelala. Mwaka wa 2004 Mahakama Kuu ilikataa kuitupilia mbali kesi ya mwanamke aliyepimwa virusi vya Ukimwi bila kuambiwa, daktari akampa mwajiri matokeo, naye akafutwa kazi. Miaka miwili baadaye ilipitishwa sheria inayokataza kumlazimisha mtu apimwe virusi ili apate kazi. Mwezi Januari 2020, majaji watatu wa Mahakama Kuu walioamua kesi ya Huduma Namba walisema kwamba kukusanya DNA ya wananchi kwa ajili ya usajili huo kulikiuka Katiba. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazitaja waziwazi data za jeni kuwa miongoni mwa data nyeti, pamoja na afya, kabila na majina ya watoto.

Hata hivyo kuna matundu mawili, na yote yako mahali ambapo mchuma majanichai ndipo anapopita.

Tundu la kwanza limo katika Sheria ya Ajira ya 2007. Kifungu chake cha 5 kinamkataza mwajiri kubagua kwa misingi ya rangi, jinsia, dini, kabila, ulemavu, ujauzito, hali ya akili, virusi vya Ukimwi na mingineyo. Jeni hazimo. Mtu mwenye afya kamili aliyenyimwa kazi kwa sababu ya ugonjwa ambao huenda usimpate hana ulemavu wala maradhi. Atalazimika kuitegemea Katiba, ambayo katika kifungu cha 27 inakataza ubaguzi kwa sababu ya hali ya afya, na kumwomba jaji aamue kwamba afya ya kesho nayo ni hali ya afya.

Tundu la pili halijazungumziwa sana, nalo ni kubwa zaidi. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinaeleza lini data nyeti zinaweza kutumiwa, na mojawapo ya ruhusa hizo ni pale zinapohitajika kwa ajili ya kudai au kujitetea katika madai ya kisheria. Kwa kesi nyingi ruhusa hiyo ni ya haki, maana mtu hawezi kuthibitisha jeraha bila kuonyesha rekodi za hospitali. Lakini ikisomwa na mwajiri aliyeshtakiwa kwa sababu ya migongo elfu moja, inaweza kuwa ufunguo wa kudai damu ya kila mlalamishi. Ni mlango ule ule ambao kampuni ya reli ilijaribu kuuingia kwa siri. Hapa mtu anaweza kujaribu kuuingia akiwa na sheria mkononi. Mfanyakazi aliyekataa kupimwa angeonekana ana cha kuficha, na aliyekubali angekuwa amewaanika ndugu zake na watoto wake ambao hawakuulizwa.

Kutegemea ridhaa hakutoshi. Sheria inamtaka anayekusanya data athibitishe kwamba mwenyewe alikubali kwa hiari. Hiari gani aliyo nayo mtu ambaye akipoteza kazi leo atatakiwa kuiacha nyumba, na watoto kuiacha shule? Karatasi itawekwa mezani, itasomwa haraka kwa Kiingereza, na kidole gumba kitatiwa wino. Bunge lilipoona hivyo kuhusu virusi vya Ukimwi halikuridhika na ridhaa. Lilikataza kabisa kupima kuwa sharti la ajira. Marekebisho ya kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kwa kuongeza neno moja, na ya kifungu cha 45 kwa kuziondoa data za jeni katika utetezi wa madai ya majeraha kazini, yangeweza kutoshea katika ukurasa mmoja wa mswada.

Wabunge wasipofanya hivyo, chama cha wafanyakazi wa mashamba, KPAWU, kina njia fupi zaidi. Mkataba wa pamoja kati yake na waajiri wa majanichai hujadiliwa upya mara kwa mara, na mazungumzo hutawaliwa na nyongeza ya mshahara na bei ya kilo. Ni haki, kwani mkono mtupu haulambwi. Kipengele kinachotenganisha rekodi za zahanati na ofisi ya utumishi hakimgharimu mwajiri senti, na kwa hiyo ni vigumu kwake kukikataa mbele ya watu.

Wakati wenyewe haungojei. Mwaka wa 2023 mashamba ya James Finlay yaliuzwa kwa kampuni ya Browns Investments ya Sri Lanka, na mwaka wa 2024 ikatangazwa kwamba mashamba ya Lipton, yaliyokuwa ya Unilever na kabla yake Brooke Bond, nayo yangeuzwa kwa mnunuzi huyo huyo. Mjadala wa umma ulihusu ardhi, hisa za jamii na hatima ya ajira. Haikusikika sana sauti ya kuuliza kuhusu makabati ya hospitali, yenye miongo ya majina, vipimo vya damu, mimba, vifo na maradhi ya familia ambazo wajukuu wao bado wanachuma kwenye miteremko ile ile. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinampa kila mmoja wao haki ya kuuliza ni habari zipi zake zinazohifadhiwa na zinatumiwa kwa kazi gani. Haki hiyo haidai wakili. Mfanyakazi anaweza kuiandika barua mwenyewe, aipeleke ofisini, na asipojibiwa alalamike kwa Kamishna wa Data, ambaye ana tawi Nakuru.